Strati rodi ya mbele kwenye Mustang za zamani: mwongozo kamili wa kuielewa, kuikagua, kuibadilisha na kuiboresha

Ukilala chini ya Ford Mustang ya 1965 ukatazama gurudumu la mbele, utaona mkono wa chini ni kipande kimoja cha chuma, chembamba, kilichoshikwa upande wa ndani kwa bolti moja. Mkono wa namna hiyo unaweza kuzuia gurudumu lisitoke nje wala kuingia ndani, lakini peke yake hauwezi kulizuia lisiende mbele na nyuma. Kazi hiyo imeachiwa chuma cha mviringo kinachofungwa kwenye mkono karibu na boljointi (kiungo cha tufe kinachoushika mkono na gurudumu), kisha kikakata mshazari kuelekea mbele hadi kwenye mabano ya fremu, upande wa rejeta. Hiyo ndiyo strati rodi. Mwisho wake wa mbele una uzi, nati, washa mbili zenye umbo la kisahani na bushi mbili za mpira zilizoibana fremu katikati.

Mfumo huu haukuanza na Mustang. Ford ilizindua Mustang Aprili 1964 juu ya mifupa ya Falcon, na Falcon yenyewe ilitoka kama modeli ya 1960. Mercury Comet ni ya ukoo huohuo, na ndiyo iliyoletwa kwetu kwenye mashindano ya East African Safari ya 1964, ambako ni chache tu zilizofika mwisho. Nje ya Ford utaikuta strati rodi kwenye Chevy II ya 1962 hadi 1967, na kwenye Plymouth Valiant na Dodge Dart zenye springi za tosheni, yaani fito za chuma zinazosokotwa badala ya springi za koili. Camaro ya 1967 haina: mkono wake wa chini ni mpana, una bushi mbili upande wa ndani, kwa hiyo hauhitaji rodi ya kuusaidia. Mwongozo huu unaifuata Mustang ya 1964 hadi 1973. Pale magari mengine yanapotofautiana kwa jambo la hatari, nimesema.

Kabla ya spana: rodi hii inabeba nini, na inaachia nini

Sehemu hii usiiruke, kwa sababu karibu kila uamuzi mbaya wa kununua bushi au rodi mpya unatokana na kutoielewa.

Tuanze na mzigo. Ukikanyaga breki, barabara inalisukuma tairi kurudi nyuma. Rodi ya Mustang iko mbele ya ekseli, kwa hiyo inavutwa. Inavutwa kwa nguvu gani? Tuchukue vipimo vya mfano vinavyokaribiana na gari la ukubwa huu. Gurudumu moja la mbele limebeba kilo 450 wakati wa breki kali, na tairi linashika barabara kwa asilimia 80 ya uzito huo. Hiyo ni nguvu ya kilo 360 pale tairi linapogusa lami. Boljointi ya chini iko sentimita 20 juu ya ardhi, ya juu iko sentimita 45. Breki zimo ndani ya gurudumu, kwa hiyo nguvu ile ya ardhini inaikunja nako ya gurudumu (kipande kinachobeba gurudumu kati ya boljointi mbili) kama wenzo: boljointi ya chini inapokea 45 gawanya kwa 25, yaani mara 1.8. Tumefika kilo 648. Sasa boljointi iko sentimita 38 kutoka bolti ya ndani ya mkono, lakini rodi imefungwa kwenye sentimita 30, tena inakwenda mshazari kwa nyuzi 35. Ukifanya hesabu hiyo hadi mwisho, rodi inavutwa kwa nguvu ya takriban tani moja. Na hapo bado hujaingia kwenye shimo ukiwa umekanyaga breki.

Tani moja inapita kwenye uzi wa nati na bushi mbili za mpira. Ndiyo maana mtu anayeona mpira laini pale mbele anawaza mara moja kuweka kitu kigumu.

Sasa tazama upande wa pili. Rodi imefungwa kwenye mkono kwa bolti mbili, haichezi hapo. Kwa hiyo mkono na rodi ni pembetatu moja ngumu, na pembetatu hiyo inapanda na kushuka pamoja na gurudumu ikizunguka kwenye mstari unaounganisha nukta mbili: bushi ya ndani ya mkono, na bushi ya mbele ya rodi. Mstari huo haufuati bolti ya ndani. Unatoka kwenye bushi ya ndani, karibu na katikati ya gari, ukaelekea mbele na nje hadi kwenye mabano ya rodi. Maana yake ni kwamba kila gurudumu linapopanda, bushi ya ndani inapindishwa kidogo, na rodi inaitikia kwa kichwa pale kwenye mabano, juu na chini na pembeni. Mpira wa kiwandani uliwekwa ili uruhusu mwitikio huo.

Basi kipimo cha bushi, rodi au mabano yoyote utakayouziwa kina pande mbili: lazima izuie rodi isiende mbele na nyuma, na lazima iiache iitikie kwa pembe. Kifaa kinachofanya la kwanza kikakataa la pili ni cha hatari kuliko mpira uliochoka. Mpira uliochoka utakugongea kelele miezi mingi. Rodi iliyobanwa kama nondo kwenye zege inapinda kidogo kila tuta, na inapinda mahali palepale, kwenye shina la uzi, ambapo chuma ni chembamba na kila bonde la uzi ni mwanzo wa ufa. Siku inapokatika, tani moja ile haina pa kushika, gurudumu linarudi nyuma ndani ya upinde wa bodi, na hilo hutokea wakati wa breki.

Hatua ya 1: sikiliza na utazame

Dalili za bushi zilizokufa ni hizi: mlio mmoja wa kugonga, "tok", unapokanyaga breki na mwingine unapoiachia, gari kuvuta upande mmoja wakati wa breki tu, usukani kutangatanga kwenye barabara nyoofu, tairi kugusa bodi upande wa nyuma wa upinde unapokata kona huku umekanyaga breki.

Jaribio bora halihitaji kunyanyua gari. Mwenzako aketi kwenye usukani, injini iwake, gari liende taratibu sana mbele kisha akanyage breki, halafu nyuma kisha akanyage tena. Wewe simama pembeni, mbali na njia ya gari, utazame nafasi kati ya tairi na bodi. Gurudumu zuri linabaki mahali pake. Bovu utaliona linasogea. Kisha zima gari, weka breki ya mkono, zuia matairi ya nyuma, ingia na tochi.

Bushi iliyomaliza kazi ina sura yake. Mpira umefura pembeni na kumwagika nje ya washa kama uyoga, umepasuka mzunguko mzima, na ukiugusa unaacha unga mweusi kidoleni. Mara nyingi pande mbili hazilingani: ya mbele ya mabano imebanwa hadi imekuwa sahani, kwa sababu ndiyo inayoonja breki, na ya nyuma bado ina umbo. Ukiona chuma kinachong'aa pale rodi inapopita kwenye tundu la mabano, ujue vyuma viwili vimekuwa vikisuguana.

Hatua ya 2: ujue gari lako ni la kundi gani

Kwenye Mustang za 1964 hadi 1966 strati rodi haina urekebishaji. Kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani mbele au nyuma, ukitazama kutoka pembeni) na kemba (mwinamo wa gurudumu ndani au nje, ukitazama kutoka mbele) zinawekwa kwa vipande vyembamba vya chuma, shimu, nyuma ya shafti ya mkono wa juu. Kuanzia 1967 Ford ilibadilisha: kemba inawekwa kwa bolti yenye kamu, yaani kisahani kisicho na tundu katikati, kwenye mkono wa chini, na kasta inawekwa kwa strati rodi yenyewe, ambayo ina uzi mrefu na nati mbili, moja kila upande wa mabano. Kwa hiyo kwenye gari la 1967 na kuendelea, kulegeza nati ya rodi ni kuharibu alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu. Pima kwanza.

Hatua ya 3: pima na uweke alama

Gari likiwa chini kwa magurudumu yake, mahali tambarare, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa upinde wa bodi mbele, kisha nyuma. Fanya kila upande, uandike. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia inakuambia rodi moja imepinda, au fremu imewahi kugongwa.

Hesabu nyuzi zinazoonekana mbele ya nati na uandike. Paka alama ya rangi kwenye rodi: kushoto, kulia, juu. Piga picha ya mpangilio wa washa, hasa upande upi kisahani kimeelekea, kwa sababu zikigeuzwa bushi haibanwi sawasawa.

Hatua ya 4: kufungua

Nyunyizia nati mafuta ya kupenya jana yake. Nyanyua gari, weka stendi chini ya fremu pande zote mbili, kamwe usitegemee jeki pekee. Toa gurudumu. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na boljointi, uuinue kidogo tu ili usining'inie.

Hapa nasisitiza. Springi ya Mustang inakaa juu ya mkono wa juu, ndani ya mnara, ikiwa imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu. Kwa kazi ya rodi peke yake huna sababu ya kufungua boljointi wala bolti ya ndani ya mkono. Usiziguse bila kifaa cha kubana springi. Kwenye Valiant na Dart mambo ni tofauti: mzigo wa tosheni uko kwenye mkono wa chini wenyewe, na rodi ndiyo inayouzuia mkono usichomoke kwenye pini yake. Huko lazima ulegeze kwanza bolti ya kurekebisha tosheni hadi mzigo uishe.

Toa nati ya mbele na washa na bushi yake. Kisha fungua bolti mbili zinazoshika rodi kwenye mkono, na uivute rodi kuelekea nyuma. Ikikwama kwenye bushi ya nyuma, izungushe, usiipige nyundo kwenye uzi.

Hatua ya 5: kagua kila kitu kikiwa mezani

Safisha rodi hadi chuma kionekane. Izungushe juu ya meza tambarare utazame kama imepinda. Pitisha ukucha kwenye mabonde ya uzi na pale unene unapobadilika. Mfereji uliochimbwa na bomba la bushi, ufa hata mwembamba kama unywele, au uzi uliovutika hadi nati mpya inakaza katikati: yote haya hukumu yake ni moja, rodi haitumiki tena. Usiichomelee. Usiipashe moto uinyooshe. Chuma hicho kilipewa nguvu kwa joto kiwandani, na moto wa gereji unaiondoa.

Angalia matundu mawili kwenye mkono. Yakiwa yamerefuka kama yai, mkono mzima ubadilishwe, kwa sababu bolti mpya kwenye tundu la yai itaendelea kucheza. Halafu ingia kwenye mabano ya fremu na brashi ya waya. Pale maji na matope hukaa. Kutu iliyokula chuma, nyufa kwenye pembe za welding au tundu lililopanuka vinamaanisha kazi ya fremu kwanza, na bushi baadaye. Kuweka bushi mpya kwenye mabano yaliyopasuka ni kutupa fedha.

Hatua ya 6: chagua

Mpira. Kwa gari la kutembelea, bushi nzuri za mpira ndizo ninazozipendekeza bila kusita. Zinaitikia kwa pembe, zinameza mtikisiko, na zinadumu miaka ikiwa hazilowi mafuta.

Poliyurethani ngumu (aina ya plastiki inayowekwa badala ya mpira) mbele na nyuma ya mabano ndiyo chaguo ninalolipinga. Breki zitahisi kali siku ya kwanza, kweli, lakini mwitikio wa rodi umebanwa, na simulizi za rodi za Mustang kukatika kwenye uzi baada ya kuwekewa seti hizo ni nyingi. Wenye Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari mwaka 1971 na 1973, wanalijua tatizo hilohilo. Rodi zake zinakwenda nyuma ya ekseli, kwa hiyo breki inazisukuma badala ya kuzivuta, lakini ugumu wa pande mbili unazivunja vilevile. Dawa waliyoizoea inafaa hapa pia: poliyurethani upande mmoja tu, ule unaobanwa na breki, na mpira upande wa pili. Kwa kuwa rodi ya Mustang inavutwa kuelekea nyuma, upande unaobanwa na breki ni ule ambao washa ya mbele inausukuma kwenye mabano, yaani bushi ya mbele. Lakini fungua seti yako utazame ni ipi iliyobonyea zaidi kabla ya kuamua, maana gari lililopigwa mashimo kwa kurudi nyuma au lililokazwa vibaya linaweza kuonyesha vingine.

Rodi yenye jointi ya duara. Hapa mpira unaondolewa kabisa, na mahali pake panawekwa rodi endi ya mashindano: tufe la chuma ndani ya kikombe chake. Inazuia mwendo wa mbele na nyuma bila kulegea hata kidogo, na inaitikia kwa pembe bila upinzani. Kwa jiometri hii ndiyo suluhisho sahihi zaidi. Gharama yake ni kelele ya barabara kuingia ndani, na vumbi na maji kula tufe ikiwa halina kifuniko. Ukiinunua au ukiichongesha, zingatia haya:

- Tufe liwe mahali palepale ilipokuwa katikati ya bushi ya zamani. Ukilipandisha au kulishusha, mstari wa mzunguko unainama, na kasta itabadilika kila gurudumu linapopanda.
- Bolti ya tufe ishikwe pande mbili, kwa mabano ya umbo la U. Bolti iliyoshikwa upande mmoja inapindishwa na tani ile.
- Uzi uwe wa kuviringishwa, si wa kukatwa, na sehemu iliyoingia ndani ya bomba la rodi isipungue mara moja na nusu ya kipenyo cha uzi.
- Sukuma gurudumu juu hadi mwisho na chini hadi mwisho huku springi imetolewa na fundi mwenye kifaa, uhakikishe shingo ya rodi endi haigusi mabano popote.

Jambo moja husahaulika. Bushi ya ndani ya mkono wa chini nayo inapindishwa. Ukiweka tufe mbele halafu ukaweka poliyurethani ngumu ndani, umehamisha tu mahali pa kubana. Iache iwe ya mpira.

Hatua ya 7: kurudisha

Pitisha rodi, ukianza na washa na bushi ya nyuma, kisha mabano, kisha bushi ya mbele, washa na nati. Bolti mbili za mkono ziwe mpya na za daraja la nguvu lilelile. Nati ya mbele isogeze kwa mkono hadi iguse, basi.

Sasa shusha gari. Kukaza kwa mwisho kunafanywa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, baada ya kulisukuma mbele na nyuma na kulibonyeza mara kadhaa likae. Bushi iliyokazwa wakati gurudumu linaning'inia inakuwa imesokotwa muda wote gari likiwa barabarani, na itakufa mapema. Tumia tokirenchi na vipimo vya kitabu cha mwaka wa gari lako. Kwenye seti zenye bomba la chuma katikati ya bushi, nati inakaza hadi washa ikutane na bomba. Bomba ndilo linaloamua mpira ubanwe kiasi gani. Usiliondoe ili "kukaza zaidi".

Hatua ya 8: kasta na alaimenti

Ukifupisha rodi, boljointi ya chini inavutwa mbele na kasta inaongezeka upande wa chanya. Kwa vipimo vyetu vya mfano, nyuzi moja ya kasta inahitaji boljointi isogee milimita 4.4, na kwa sababu rodi iko karibu zaidi na bolti ya ndani tena ni mshazari, hiyo ni kama milimita 3 za urefu wa rodi. Kwa hiyo geuza nati kidogo kidogo, pande zote kwa usawa.

Vipimo vya kiwandani vya miaka ile vilipangwa kwa tairi za kabla ya radiali, na kasta ilikuwa karibu na sifuri. Kwa tairi za leo, kasta ya chanya nyuzi 2 hadi 3, kemba hasi nusu nyuzi, na matairi kukaribiana mbele kwa milimita 3 vinalipa gari utulivu ambao halikuwahi kuwa nao. Gari lisilo na usukani wa pawa libaki karibu na 2, la sivyo kuegesha kutakuwa kazi ya mabega. Usiitoe kasta yote kwenye rodi: kila milimita inaukalisha mkono pembeni kwenye bushi yake ya ndani na kulisogeza gurudumu mbele ndani ya upinde. Kwenye gari la shimu lililowekewa rodi yenye urekebishaji, gawanya kazi kati ya shimu na rodi.

Kasta na kemba zikikaa, ndipo upange ukaribianaji wa matairi. Kugusa rodi kunabadilisha vyote, kwa hiyo ukaribianaji huwa wa mwisho daima.

Hatua ya 9: barabarani

Anza na barabara tupu, breki nyepesi, kisha kali zaidi. Rudi gereji, pima tena kitovu hadi upinde mbele na nyuma ulinganishe na ulivyoandika. Baada ya kilomita mia chache kaza tena bolti mbili za mkono na ukague nati ya mbele. Kwa rodi zenye tufe, kagua nati ya kufunga na mchezo wa tufe kila unapobadilisha oili: shika rodi kwa mkono, mwenzako atikise usukani na kukanyaga breki, na mchezo wowote unaousikia kiganjani ni tufe la kubadilishwa.